Nahodha Aliyefunga Maduka ya Nyansiongo

Ijumaa alasiri Nyansiongo huenda mbio. Kuanzia saa tisa, baridi ya nyanda za Borabu ikianza kuuma masikio, watu humiminika madukani kana kwamba kesho kuna msiba. Unga wa mahindi, sukari, sabuni ya kipande, kiberiti, mafuta ya kupikia ya kupimiwa. Watoto waliotumwa husimama kaunta wakirudia kimoyomoyo walichoagizwa, sarafu zimelowa jasho viganjani. Majumbani ni siku ya maandalio: nguo za kesho zinapigwa pasi, viatu vinasuguliwa, mboga za kesho zinachemshwa leo, ng'ombe wanakatiwa majani ya siku mbili. Kisha jua likikaribia vilima vya upande wa Kisii, milango ya mabati huanza kushushwa, mmoja baada ya mwingine, na kufuli kutiwa.

Si yote. Wamo Wakatoliki hapa, wamo Walutheri, wamo Wapentekoste, na bodaboda hazijui siku. Hoteli moja karibu na stendi ilibaki wazi ikiuza chapati na supu. Lakini maduka yaliyofungwa yalikuwa mengi, tena ni yale makubwa, yenye bidhaa rafu hadi rafu. Mama mmoja mwenye duka la rejareja aliyenipimia sukari alinitazama juu ya miwani.

"Mgeni, kama kuna kitu umesahau sema sasa. Nikifunga, ni mpaka kesho jua lizame."

Jumamosi, kwa mfanyabiashara yeyote wa mji mdogo wa Kenya, ni siku nono kuliko zote. Walimu na makarani wako nyumbani, watoto hawako shule, harusi na matanga huleta magari kutoka Nairobi. Kuifunga siku hiyo kila wiki, mwaka baada ya mwaka, ni kutoa kitu kinachohesabika. Nilifika Nyansiongo nikitaka kuiona hasara hiyo kwa macho, kwa sababu asili yake ni mfanyabiashara mmoja ambaye hakuwahi kukanyaga hapa: Joseph Bates, nahodha wa meli za biashara kutoka pwani ya Massachusetts, Marekani, aliyeacha bahari akaandika juu ya Mungu. Mwaka 1846 alichapisha kijitabu cha kurasa 48 kuhusu Sabato ya siku ya saba. Kutoka kijitabu hicho hadi kufuli za Nyansiongo njia ni ndefu, lakini haijakatika mahali.

Kutoka Kisii mjini unapanda matatu ya njia ya Sotik. Unapita Keumbu na mikungu yake ya ndizi kando ya lami, unafika Keroka, mji uliokaa miguu miwili, mmoja Kaunti ya Kisii na mwingine Nyamira. Hadi hapo mashamba ni vipande vidogo vilivyogawanywa baba kwa mwana hadi vimekaribia kwisha. Nyumba ya mtu inatazamana na kaburi la babu wa jirani. Ukivuka Keroka kuelekea Nyansiongo nchi inapumua. Nyua za mashamba zinakwenda mbali. Ng'ombe weusi kwa weupe wanasimama malishoni badala ya kufungiwa zizini. Chai imetandazwa juu ya miinuko, imekatwa kwa usawa, na mikaratusi imepangwa kama mtu aliyepiga mstari. Mistari hiyo ilipigwa na walowezi. Borabu ilikuwa sehemu ya mashamba ya Wazungu ya Sotik, na Uhuru ulipokaribia serikali ilianza, mwaka 1962, mpango wa kununua ekari milioni moja za walowezi na kuwagawia Waafrika kwa mkopo. Wakisii waliokuwa wamebanwa vilimani walihamia upande huu wa skimu. Wakipsigis wakapata upande wao. Mpaka uko Chebilat, mbele kidogo, na umewahi kuwa mpaka wa moto.

Waliohamia walikuja na mbegu, ng'ombe, madeni na kanisa lao, la Waadventista Wasabato. Uadventista uliingia kando ya Ziwa Viktoria Novemba 1906, pale Arthur Carscallen, Mkanada, alipofika kilima cha Gendia karibu na Kendu Bay pamoja na Peter Nyambo kutoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Naona si haki kwamba jina la Nyambo halitajwi mara kwa mara kama la mwenzake. Mtu aliyetoka Nyasaland kwenda kusoma Uingereza na kurudi kuhubiri Nyanza hakuwa mbeba mizigo wa mtu. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia misheni ilikuwa imeshapanda hadi Nyanchwa, juu ya mji wa Kisii. Na mwaka 1913 Gendia wakafunga mtambo wa kuchapia, uliokuja kuwa Africa Herald Publishing House. Mapema hivyo walijua kwamba dini yao ni dini ya karatasi, kwa sababu ndivyo ilivyozaliwa.

Turudi basi kwa aliyeizaa.

Bates alizaliwa Rochester, Massachusetts, mwaka 1792, akakulia Fairhaven, ng'ambo ya mto kutoka bandari ya New Bedford. Akikaribia miaka 15 alipanda meli ya kwanza kama mtumishi wa chumbani. Mwaka 1810, akiwa Liverpool, alikamatwa na kikosi cha jeshi la majini la Uingereza lililokuwa likiwateka mabaharia wa mataifa mengine na kuwalazimisha kutumika. Vita vya Uingereza na Marekani vilipoanza mwaka 1812 alikataa kupigana dhidi ya kwao, akafanywa mfungwa, na mwishowe akatiwa gereza la Dartmoor hadi 1815. Mtu aliyewahi kumilikiwa hivyo husoma habari za utumwa kwa jicho jingine. Miaka 20 baadaye alikuwa mmoja wa walioanzisha chama cha kupinga utumwa mjini kwake Fairhaven, wakati ambapo jambo hilo lilimpotezea mtu marafiki na wateja.

Katikati ya hayo alikuwa mfanyabiashara, na mzuri. Alipopewa unahodha alipewa pia mamlaka ya kununua na kuuza shehena kwa akili yake mwenyewe, na njia yake ilikuwa Amerika Kusini: Brazil, Argentina, kuzunguka hadi Peru. Nahodha wa namna hiyo ni lazima ajue bei ya unga katika bandari ambayo bado hajaifikia, ajue lini asubiri na lini auze kwa hasara ili asipate hasara kubwa zaidi. Akawa na hisa katika meli. Mwaka 1828 alistaafu akiwa na dola 11,000 hivi, mali ya kumtosha mtu kukaa barazani hadi kufa.

Lakini baharini kulikuwa kumetokea jambo. Mkewe, Prudence, alimfungia sanduku la safari, na alipolifungua akitarajia riwaya za kupitisha muda alikuta ndani Agano Jipya dogo. Alilisoma. Tena alianza kujiandikia amri na kuzitekeleza moja moja, kwa mpangilio wa mtu anayekagua stoo: mwaka 1821 aliacha pombe kali, mwaka uliofuata akaacha mvinyo, baadaye tumbaku, halafu kila kileo. Safari yake ya mwisho, kwenye meli iitwayo Empress, aliwatangazia mabaharia kwamba melini hakutakuwa na pombe kabisa. Mabaharia wa zama zile walihesabu pombe kuwa sehemu ya mshahara. Walikwenda na wakarudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1830 akaacha na chai na kahawa. Jambo hilo la chai tutalikuta tena, maana Nyansiongo bila chai si Nyansiongo.

Baharia alipogeuka msomi wa Biblia hakutupa vyombo vyake vya baharini, na hilo ndilo linalonivuta kwake. Kabla ya kijitabu cha Sabato alikuwa tayari, mwaka huohuo wa 1846, ameandika kingine juu ya mbingu kufunguka, akichanganya unabii na unajimu alioujua kwa kuongoza meli usiku. Na kwenye Sabato aliuliza swali ambalo mchungaji wa kijijini asingeliuliza: siku inaanza saa ngapi? Biblia inasema jioni hadi jioni. Lakini nahodha aliyekwenda kaskazini na kusini anajua kwamba jioni si moja. Kuna mahali jua la kiangazi linakawia hadi usiku wa manane, na kuna mahali wakati wa baridi linakufa mchana. Bates akajibu kama baharia. Akachukua ikweta, mahali ambapo mchana na usiku hulingana mwaka mzima, akasema saa ya ikweta ndiyo ya kufuatwa na ulimwengu wote: Sabato ianze Ijumaa saa kumi na mbili jioni, popote ulipo.

Nyansiongo iko chini ya digrii moja kusini mwa ikweta. Nilisimama kando ya barabara Ijumaa ile nikitazama jua, na nikaona kwamba hii ndiyo nchi aliyoiwaza mezani kwake Fairhaven bila kuiona. Hapa hakuna jua la kiangazi wala la baridi. Kitu pekee kinachotutenganisha naye ni saa ya serikali. Kenya hupima wakati kwa mstari wa longitudo 45, unaopita karibu na Mogadishu, ilhali Nyansiongo iko yapata digrii kumi magharibi mwake. Kwa hiyo jua huzama kama nusu saa au zaidi baada ya saa kumi na mbili ya ukutani. Mapema kabisa ni karibu saa kumi na mbili na nusu, na kuchelewa kabisa ni kabla tu ya saa moja. Mwaka mzima tofauti ni nusu saa hivi. Mwenye duka wa Nyansiongo anaweza kufunga kwa mazoea bila kutazama nje, jambo ambalo Mwadventista wa Norway hawezi hata kuliota. Na mtu wa Kiswahili hana haja ya kufundishwa hesabu ya Bates. Saa zetu zinahesabiwa kutoka machweo na macheo, na wazee wa pwani bado wanauita usiku wa Ijumaa kuwa usiku wa Jumamosi.

Hata hivyo Bates alishindwa hoja hiyo. Kwa miaka kama tisa wafuasi wake waliishika saa kumi na mbili, mpaka mwaka 1855 kijana mmoja msomi, J. N. Andrews, alipopitia maandiko na kuonyesha kwamba jioni ya Biblia ni kuzama kwa jua, popote mtu alipo, hata kama ni saa ya ajabu. Mzee hakukubali mara moja. Baadaye alikubali. Namheshimu kwa yote mawili: kwa kuleta ujuzi wa kazi yake mbele ya maandiko, na kwa kuukunja ulipopimwa ukaonekana pungufu.

Usiku ule, katika nyumba nilimolala, jirani walikuwa wakiimba kuifungua Sabato: sauti za watoto juu, sauti nzito ya baba chini, kwa Ekegusii, tenzi zenye tuni ninazozijua kwa Kiswahili. Mvua ilinyesha juu ya mabati ikawafunika, ikapita, na bado walikuwa wakiimba.

Asubuhi barabara ilikuwa ya waendao kwa miguu. Wanaume wa suti, Biblia na kitabu cha nyimbo kwapani. Akina mama wa chama cha Dorkasi wenye vitambaa vya rangi moja. Vijana wa chama cha pathfinda na skafu shingoni. Salamu ilikuwa "Sabato njema", na mgeni hakuulizwa ni wa dhehebu gani. Alipewa tu nafasi kwenye benchi. Shule ya Sabato inatangulia mahubiri, na hapo ndipo mtu anayetaka kuwajua hawa watu akae. Kanisa lote linajigawa katika madarasa, mengine ndani, mengine chini ya miti, kila mmoja ana lesoni yake ya robo mwaka mkononi, lile somo linalosomwa wiki hiyohiyo na Waadventista duniani kote. Darasa langu lilikaa chini ya mkaratusi. Mwalimu wake alikuwa mwenye duka la pembejeo, muuza mbegu, mbolea na dawa za ng'ombe. Aliongoza kama anavyouza: akiuliza, akisikiliza, asikubali jibu la haraka. Kijana mmoja alijibu swali kwa kusoma tu aya iliyoandikwa. Mwalimu alimwambia kwa upole, "Hiyo ni ya kitabu. Wewe umeielewaje?"

Baada ya ibada mwalimu huyo alinialika kwake chakula cha mchana. Omogaka, yaani mzee, nitamwita hivyo tu, alinionyesha daftari mbili kubwa za aina moja, zile za jalada gumu jekundu na nyeusi ambazo maduka yote ya Kenya huandikia madeni. Moja ilikuwa hiyo hasa. Majina, mifuko, tarehe, "atalipa bonasi ikitoka". Ya pili ilijaa mwandiko uleule, lakini ni mambo ya lesoni: swali la wiki, mafungu aliyoyalinganisha, jibu lake, na mahali pengine mstari umepigwa juu ya jibu na jingine limeandikwa chini na tarehe ya miaka baadaye. Kwa Ekegusii, kwa Kiswahili, na kiasi kwa Kiingereza. Hakuna mtu atakayeichapisha. Lakini sioni namna ya kuiita ila uandishi wa teolojia, unaofanywa nyuma ya kaunta na mtu mwenye harufu ya mbolea mikononi.

Wala si jambo geni kwetu kwamba mtu wa biashara aandike juu ya Mungu. Pwani ilikuwa na Ahmad bin Sumayt, aliyezaliwa Itsandraa, Ngazija, mwaka 1861, mwana wa mfanyabiashara aliyetoka Hadhramaut. Naye alisafiri baharini kwa biashara ya baba yake, naye alikuwa nahodha, kabla ya kuwa kadhi wa Zanzibar na mwandishi wa vitabu vya dini vilivyosomwa kote pwani hadi kifo chake mwaka 1925. Abu Hanifa wa Kufa, imamu wa madhehebu yenye wafuasi wengi kuliko yote katika Uislamu wa Sunni, alikuwa muuza hariri. Ninachokiona kwa watu hawa wote ni kwamba biashara iliwazoeza kuulizwa "kiasi gani?" Hawakuweza kuandika sentensi juu ya haki kisha wasiulizwe kesho yake sokoni.

Kwa Bates swali hilo lilikuja jikoni. Kisa hiki alikihifadhi J. N. Loughborough, mmoja wa wenzake wadogo. Mwaka 1846 zile dola 11,000 zilikuwa zimekwisha. Alikuwa ameziweka katika kazi ya kutangaza kurudi kwa Kristo; akauza nyumba yake; tarehe yeye na wenzake waliyoitazamia, 22 Oktoba 1844, ikapita na kuwaacha wakilia. Sasa ameketi anaandika kijitabu cha Sabato, na Prudence anaingia kusema unga hautoshi kumaliza mkate. Anauliza unapungua kiasi gani. Ratili nne hivi. Anakwenda dukani na sarafu yake ya mwisho, senti kumi na mbili u nusu, ananunua ratili nne kamili, anarudi anaendelea kuandika. Prudence anapoona mtu aliyewahi kujaza meli kwa unga amerudi na ratili nne, anauliza. Anaposikia kwamba hiyo ndiyo ilikuwa pesa ya mwisho, analia. Baada ya muda mfupi Bates anakwenda posta, anakuta barua ambayo hana hata senti tano za kuikomboa, inafunguliwa, na ndani mna dola kumi. Anapeleka nyumbani pipa zima la unga, viazi na sukari. Gharama za mchapaji zilizobaki zililipwa baadaye na rafiki yake Heman Gurney, mhunzi.

Waumini husimulia kisa hiki kwa ajili ya barua. Mimi kinanishika mahali pa ratili nne, na nafikiri juu ya Prudence zaidi kuliko juu ya mumewe. Imani ya mwenye duka hulipwa na nyumba nzima. Mama yule aliyenipimia sukari Ijumaa aliniambia, nilipomwuliza, kwamba miaka ya kwanza alipofunga Jumamosi wateja wengine walihamia duka lisilofunga, na waliorudi walirudi polepole. Hakulalamika. Alitaja tu, kama mtu anavyotaja ada ya shule aliyokwisha kuilipa.

Kijitabu kilisomwa na watu wachache, lakini wawili kati yao walikuwa James White na Ellen Harmon waliooana Agosti mwaka huohuo. Waliikubali Sabato, na kutoka kwao na Bates likakua kanisa lililoundwa rasmi Battle Creek, Michigan, mwaka 1863. Bates alikufa huko mwaka 1872 akiwa amezunguka na mfuko wa vitabu miaka mingi. Njia yake ya kuhubiri ilibaki ya mtu wa bidhaa. Kisa kingine cha wakati wake kinasema alikutana na jirani darajani kati ya Fairhaven na New Bedford, jirani akamwuliza habari, naye akamjibu papo hapo kwamba habari ni kuwa siku ya saba ndiyo Sabato. Barabara za Borabu zina warithi wake: wainjilisti wa vitabu, vijana na wazee wenye mikoba, wanaokwenda boma kwa boma wakiuza vitabu vya afya na vya dini kwa mkopo wa miezi. Nao wanaandika daftari.

Mezani kwa Omogaka kulikuwa na obokima, yaani ugali, mboga ya chinsaga iliyopikwa jana ikapashwa, kuku, na maziwa ya kuganda. Chai haikuwapo. Nyumba nyingine za Waadventista hapa chai inanywewa, ya maziwa na tangawizi, wala mgeni hatashangaa. Lakini kanisa linashauri waumini waiache pamoja na kahawa, kama Bates alivyoiacha, na nyumba hii inashika. Mlangoni nikitoka niliona alichopanda: chai, kutoka uani hadi bondeni.

Nilimwuliza. Hakukwepa. Alisema alipokuwa kijana jambo hilo lilimsumbua kwelikweli, na kwamba wazee wa kanisa wa zamani hawakuwa na kauli moja. Wengine walisema usiuze usichokunywa. Wengine walisema chai si pombe, haivunji nyumba ya mtu. Yeye aliamua kwa kuhesabu ni watoto wangapi waliosomeshwa na jani lile. Mimi nasimama upande wake. KTDA, shirika la chai lililoundwa mwaka 1964 ili mkulima mdogo naye alime zao lililokuwa la makampuni na walowezi, iliwapa watu wa vilima hivi kitu ambacho mahindi hayakuwapa: malipo kila mwezi, na bonasi mara moja kwa mwaka. Lakini nafurahi kwamba aliulizwa, na kwamba alijiuliza. Mji unaoishi kwa zao ambalo wengi wake wamefundishwa wasilinywe, na bado unalizungumza jambo hilo mezani bila kuona haya, ni mji unaofikiri.

Chai nayo haijui Sabato. Mkulima huchuma majani mawili na chipukizi, na kila mche hurudiwa baada ya wiki moja au mbili. Jani lililokuwa tayari Jumamosi likiachwa hukomaa, likikomaa karani hulikataa. Likichumwa haliwezi kungoja. Ni lazima lifike kiwandani siku hiyohiyo, linyaushwe, lisagwe na kuchachushwa, na kiwanda cha Nyansiongo hakizimi moto wake kwa ajili ya siku ya mtu. Wafanyakazi Waadventista hubadilishana zamu na wenzao Wakatoliki: nishikie Jumamosi, nikushikie Jumapili. Nimeishi miji mikubwa ambako madhehebu hayajawahi kukopeshana hata kiti.

Kwa hiyo Jumapili, siku ambayo sehemu nyingi za Kenya zimelala, Nyansiongo iliamka na vikapu. Umande ulikuwa bado unang'aa, na wachumaji walivaa aproni za nailoni hadi magotini. Mikono inakwenda miwili miwili, kichwa hakiinami, mazungumzo hayakatiki. Kufikia alasiri banda la kupimia lilikuwa na foleni. Karani alimwaga kila mfuko mezani, akachambua, akatupa kando majani magumu, akapima. Omogaka alikuwa wa nne kwenye foleni na mifuko miwili, na yale ya kando ya kwake hayakuwa haba, kwa sababu ya Jumamosi. Aliyaokota akayatia mfukoni bila neno.

Wakati lori la kiwanda likisubiriwa, mama mmoja aliyekuwa darasani chini ya mkaratusi alimwuliza swali ambalo naona alilibeba tangu jana. Malipo ya mwezi yanakuja yakiwa tayari yamekatwa mkopo wa mbolea. Zaka, sehemu ya kumi, itolewe katika kile kilichochumwa au kile kilichofika mkononi? Omogaka alisema mbolea ni gharama, na gharama si mapato. Hata nahodha hahesabu faida kabla ya kulipa meli. Mama akasema mbolea imebaki ardhini mwake, itamzalia na mwakani, kwa hiyo ni mali yake, na Mungu anaijua. Mzee mwingine, Mlutheri, akadakia kwamba Ibrahimu alitoa ya kumi katika nyara zote. Omogaka akajibu kwamba Ibrahimu hakuwa na deni la ushirika. Karani akaacha kuandika risiti, akasema kwao Wakatoliki kila mtu hutoa kadiri anavyoweza, akaambiwa angoje zamu yake. Lori lilifika, mifuko ikaanza kurushwa juu, nao walikuwa bado hawajakubaliana. Omogaka alikuwa ametoa kalamu na kuandika swali la yule mama nyuma ya risiti yake.